Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu: Kishikwambi Tunacho, Muda wa Kukijaribu Hatuna

Kwa Waheshimiwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Waziri wa Nchi, TAMISEMI;
Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania;
Mtendaji Mkuu wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

YAH: MWALIMU NA ZANA ZA MTANDAONI ZA KUFUNDISHIA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari ya kata, na ninawaandikia kuhusu jambo linaloendelea kimyakimya katika ofisi za walimu nchini, yaani utafutaji wa zana za mtandaoni zinazoweza kumsaidia mwanafunzi kuelewa kile ambacho chaki na ubao vimeshindwa kumwonyesha. Walimu wanatafuta. Wanatumiana viungo kwenye makundi ya WhatsApp, wanaulizana ni programu ipi inayofunguka bila kudai kadi ya benki, na wanapakua video usiku wa manane kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Kazi hii haina kipindi kwenye ratiba, na haimo katika taarifa inayotoka kwa Mkuu wa Shule kwenda kwa Afisa Elimu Kata na kupanda juu. Ombi langu ni kwamba itambuliwe rasmi kuwa sehemu ya kazi ya ualimu, na ipewe muda ndani ya saa za kazi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu, na vifaa vinavyokaribia laki tatu vikaingia katika sekta ya elimu kwa mkupuo mmoja. Taasisi ya Elimu Tanzania (TIE) imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao, ambako mwalimu wa shule isiyo na nakala za kutosha anaweza kuvisoma bila malipo. Upo pia mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaotaka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya ya kujifunza badala ya kusubiri semina ya mkoani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, nayo inaihimiza TEHAMA katika ufundishaji. Kwa hiyo siandiki kudai vifaa vipya, ingawa betri za vishikwambi vya sensa zimeanza kuzeeka na siku si nyingi hilo nalo litahitaji barua yake.

Ninachotaka mkitazame ni matumizi ya kifaa hicho leo. Kwa wengi wetu kinatumika zaidi kujaza taarifa kuliko kufundishia. Mwalimu anakifungua ili aweke majukumu yake kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji kazi wa watumishi), aombe likizo kwenye ESS, asajili au ahamishe mwanafunzi kwenye PReM, au apeleke takwimu za shule kwenye SIS. Silalamikii mifumo hiyo, kwa kuwa ina kazi yake, bali naitumia kama ushahidi. Kila inaposemwa kwenye semina kwamba walimu, hasa wenye umri mkubwa, ni wagumu wa teknolojia, mimi huwakumbuka wenzangu waliobakiza miaka michache kustaafu ambao huingia PEPMIS bila kumwomba mtu msaada. Walijifunza kwa sababu palikuwa na maelekezo, palikuwa na mtu wa kumuuliza, na palikuwa na tarehe ya mwisho. GeoGebra, programu ya kuchorea grafu, si ngumu kuliko PEPMIS. Tofauti ni kwamba PEPMIS imetengewa saa za kazi, na GeoGebra imeachiwa saa za usingizi.

Niruhusuni niikalie GeoGebra kidogo, maana hoja yangu yote imo humo. Programu hii ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Mwalimu na mwanafunzi hawatozwi chochote, na ikishawekwa kwenye kishikwambi hufanya kazi bila intaneti. Chukueni somo la grafu ya y = ax² + bx + c. Ubaoni, mwalimu huandaa jedwali la thamani, akaweka nukta saba au nane, akaziunganisha kwa mkono, na kipindi cha dakika 40 kikaisha akiwa na grafu mbili, moja ikiwa imepinda mahali pasipotakiwa kupinda. Kwenye GeoGebra anaweka vitelezi vitatu vya a, b na c, na kila anaposogeza kidole grafu inahama papo hapo: a ikiongezeka mkunjo unabana, a ikishuka chini ya sifuri mkunjo unageuka kichwa chini, c ikibadilika grafu nzima inapanda au inateremka. Kuhusu b, ambayo walimu wengi tulisomeshwa tuikokotoe bila kuiona, inaisukuma ncha ya mkunjo kwenye njia ambayo nayo ni mkunjo. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja halihitaji kukaririwa.

Hata hivyo, maelezo ya waliobuni programu yanaishia hapo, na kazi ya mwalimu inaanzia hapo. Kioo cha kishikwambi hakisomeki kutoka dawati la tatu, na katika darasa la wanafunzi 80 lisilo na projekta hakuna maana ya kukiinua juu na kuuliza, "Mnaona?" Watajibu kwamba wanaona, kwa adabu. Njia iliyotufaa katika idara yetu ni kumtaka kila mwanafunzi achore kwanza kwenye daftari lake kile anachotarajia kukiona a ikiwa hasi, aubishanie mchoro wake na jirani, na baada ya hapo kishikwambi kipite kundi kwa kundi kama shahidi aliyeitwa kuamua ugomvi. Ubishi ule ndio somo lenyewe. Hatukuipata njia hiyo katika video yoyote ya mafunzo; ilitokana na kujaribu kwenye mkondo mmoja, kukaa ofisini kuzungumza, na kurekebisha kabla ya kuingia mkondo unaofuata. Mazungumzo hayo ya ofisini ndiyo ninayoyaombea muda.

Kwa upande wa Fizikia hali ni hiyo hiyo. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka mmoja kabla, na majaribio yake ya kompyuta yanatolewa bure. Jaribio moja moja linaweza kupakuliwa na kufunguliwa baadaye pasipo mtandao, na baadhi yake yana tafsiri ya Kiswahili, jambo lenye uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka juzi shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili na sasa anakutana na umeme kwa Kiingereza. Katika jaribio la sakiti, mwanafunzi anaunga betri na taa mbili kwa mfuatano, anaziona zikififia, anaziunga upya sambamba, anaziona zikiwaka kwa nguvu, na njiani humo anaona chaji zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo hata maabara iliyokamilika haiwezi kumwonyesha.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu naijua hatari ya sifa za aina hii zinapofika kwenye meza za bajeti. Jaribio la kompyuta haliwezi kuwa badala ya maabara. Wakati wa Serikali ya Awamu ya Nne wananchi walichangishwa ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na zipo shule ambazo majengo hayo bado yanasubiri vifaa. Mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani unamtaka mtahiniwa ashike ameta halisi, aisome sindano yake inayotikisika, na ajue la kufanya pale waya unapokuwa umelegea. Kwenye kishikwambi waya haulegei. Mtu yeyote atakayetumia barua hii kusema kwamba PhET inatosha na vifaa vya maabara visubiri, atakuwa ameisoma kinyume.

Zana nyingine zinasifiwa sana lakini hazifai kwetu, na kulijua hilo nako ni matunda ya kujaribu. Kahoot, kwa mfano, mchezo wa maswali wa mtandaoni, hutajwa karibu kila panapozungumzwa ufundishaji wa kisasa. Inataka kila mwanafunzi, au angalau kila kundi, liwe na kifaa chenye intaneti, wakati mwanafunzi wa shule zetu haruhusiwi kuja na simu shuleni. Plickers haitajwi sana, nayo inahitaji kadi za karatasi na simu moja tu ya mwalimu: mwanafunzi anainua kadi yake, upande uliokaa juu ndio jibu lake, na kamera inasoma darasa zima kwa sekunde chache, kisha mwalimu anajua papo hapo ni wangapi waliochagua jibu ambalo yeye mwenyewe alilitega. Seti yake kubwa ina kadi 63. Darasa lenye wanafunzi 90 litafanyaje? Wawili wanatumia kadi moja, na kabla ya kuiinua inawabidi wakubaliane, jambo ambalo pengine ni bora kuliko lile walilolikusudia wenye programu.

Maarifa ya namna hii yametawanyika. Mwalimu wa Kasulu anaweza kutumia wiki tatu kugundua kwamba programu fulani inakwama kwenye kishikwambi cha sensa, na mwenzake wa Newala akatumia wiki tatu nyingine kugundua jambo lile lile. Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayofaa kuyakusanya, lakini ningeomba isiyakusanye kwa utaratibu wa ithibati ya vitabu. Kitabu kikishapigwa chapa hakibadiliki. Programu hubadilika kila baada ya miezi michache; iliyokuwa bure inaanza kudai malipo, iliyokuwa inafanya kazi bila mtandao inaanza kuudai. Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hutathmini pia maudhui ya kidijitali kabla hayajaingia shuleni, na utaratibu huo una faida zake kwa kampuni inayotaka kuuza. Ninachokipendekeza ni chepesi zaidi: rejista inayoandikwa na walimu wenyewe, ambamo mwalimu anaeleza alitumia zana gani, kwa mada ipi ya muhtasari, kwa kidato kipi, wanafunzi wangapi, ilimaliza bando kiasi gani, kipi kilikwama, na kama angeitumia tena. Aya moja inatosha. Wakuza mitaala waisome, wasahihishe panapopotosha, na waiweke pale pale kwenye Maktaba Mtandao karibu na kitabu cha mada hiyo, ili mwalimu anayefungua sura ya sakiti aone pembeni kile ambacho wenzake wameshakijaribu.

Suala la bando siwezi kulikwepa. Katika shule nyingi ninazozijua, mwalimu anayetafuta zana mtandaoni analipia kwa fedha yake, na mwenye watoto wake watatu wanaosoma ataacha kutafuta kabla hajaacha kununua unga. Baadhi ya makampuni ya simu yamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kufungua mlango: jukwaa la e-Fahamu la Vodacom humruhusu mteja wake kusoma bila kukatwa bando. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba elimu inategemea laini iliyomo ndani ya simu, na katika vijiji vingine mtandao unaoshika ni mmoja tu, wala si mwalimu anayeuchagua. Afrika Kusini, shule zilipofungwa mwaka 2020, iliyataka makampuni ya simu yaondoe gharama ya data kwa tovuti za elimu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ulianzishwa kwa ajili ya maeneo ambayo biashara haiyaoni na ambao umekwisha kupeleka kompyuta katika shule nyingi, una nafasi ya kukaa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na makampuni yote na kukubaliana juu ya anwani chache tu, tuseme Maktaba Mtandao, mfumo wa mafunzo wa TIE na zana kumi zitakazoongoza kwenye rejista.

Ipo pia njia isiyohitaji bando kabisa. Kolibri ni programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta moja ikiwa na masomo, video na mazoezi, na vishikwambi vilivyo karibu vikaifikia kwa Wi-Fi ya ndani pasipo intaneti. Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa Wikipedia nzima, ikiwemo ya Kiswahili. Vituo vya Walimu vilivyojengwa ili kuhudumia shule za jirani, ambavyo baadhi yake sasa ni stoo za viti vibovu, vingeweza kuwa mahali pa kuhifadhi kompyuta ya aina hiyo, na mwalimu akaenda na kishikwambi chake mara moja kwa muhula akanakili anachokihitaji. Kwa shule za msingi, hadithi za African Storybook, ambazo nyingi zipo kwa Kiswahili na leseni yake inaruhusu kunakiliwa na kuchapishwa, zingeweza kupitia njia hiyo hiyo bila mtu kuomba kibali chochote.

Kuhusu usalama wa taarifa za watoto, mwalimu ameachwa peke yake kuliko inavyostahili. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti za elimu zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la Uviko-19, likakuta kwamba takribani asilimia 89 zilikuwa na mienendo ya ukusanyaji wa taarifa inayohatarisha au kukiuka haki za watoto. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Lakini mwalimu anayefungua darasa kwenye tovuti ya kigeni na kuandika majina matatu ya kila mwanafunzi pamoja na mwaka wa kuzaliwa hajui kama amevunja sheria au hajaivunja. Ukurasa mmoja wa maelekezo ungemtosha: atumie namba badala ya majina, asiweke picha za wanafunzi, asifungue akaunti ya mtoto bila mzazi kujua. Ingefaa pia yawepo maelekezo ya video, kwa sababu hakuna kinacholivunja somo la Biolojia haraka kama tangazo la kubeti linalotangulia mada ya mmeng'enyo wa chakula.

Akili unde (AI) nitaigusa tu, kwa kuwa inazungumzwa kila mahali. Walimu wengi wanaitumia tayari kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, wengine kwa siri kana kwamba ni kosa. Inasaidia kutunga maswali ya mazoezi kwa wingi, na inakosea kwa kujiamini kabisa, hasa kwenye historia na jiografia ya kwetu. Andalio lililotoka huko likawekwa kwenye jalada bila kusomwa ni karatasi ya kumridhisha mthibiti ubora, basi. Nalo lingejadiliwa vizuri zaidi katika jumuiya ya kujifunza ya shule kuliko kwenye waraka wa kukataza.

Hivyo basi narudi kwenye muda, ambao hauhitaji mkopo wa nje wala zabuni. Naomba waraka utakaoelekeza kwamba vipindi viwili kwa wiki, vilivyomo kwenye ratiba na si baada ya wanafunzi kuondoka, viwe vya walimu wa idara moja kukaa pamoja, kufungua zana moja, kuipangia mada ya wiki inayofuata, na wiki ya pili yake kuambiana ilivyokwenda. MEWAKA tayari ina muundo wa kulibeba hili. Kinachokosekana ni saa zilizolindwa, kwa sababu kikao kisicho kwenye ratiba huahirishwa kila panapotokea mwenge, mahafali au ugeni. Na kama kila jukumu lazima lionekane kwenye PEPMIS, basi na hili liwekwe humo, lihesabiwe kama kazi.

Wapo watakaosema kwamba shule yenye walimu wawili wa Hisabati kwa wanafunzi mia saba haiwezi kumtoa mwalimu darasani kwa vipindi viwili. Ni pingamizi la haki, na sina jibu jepesi kwa shule hiyo zaidi ya kusema kwamba inahitaji mwalimu wa tatu kuliko inavyohitaji barua yangu. Kwa shule za namna hiyo, walimu wa somo moja kutoka shule tatu au nne za jirani wangeweza kukutana Kituo cha Walimu mara moja kwa mwezi, kwa nauli itakayolipwa na halmashauri.

Napendekeza utaratibu huu uanze Januari ijayo katika halmashauri moja kwa kila kanda, kwa masomo ya Hisabati na Sayansi peke yake, na mwisho wa mwaka TIE ikae na walimu walioshiriki, isome rejista waliyoiandika, na iseme hadharani kipi kiendelee na kipi kiachwe. Walimu wa idara yetu wako tayari kuwa miongoni mwa watakaoanza, na yale tuliyokwisha kuyajaribu tutayaandika kwa mpangilio wowote mtakaouelekeza. Tunachohitaji kujua kabla ya kufunga muhula huu ni iwapo waraka huo utatoka, ili Mtaaluma wa shule aweze kuviweka vipindi hivyo kwenye ratiba mpya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia na Hisabati,
Shule ya Sekondari ya Kata.

Nakala: Chama cha Walimu Tanzania, Tume ya Utumishi wa Walimu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.